Wanafunzi Wapelekwe Pwani kwa Hesabu ya Mwezi

Wasomaji wa ukurasa huu wakaao Pwani wameyaona mabasi ya shule yateremkayo kutoka bara kila muhula unapokaribia kwisha. Watoto hao, ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari tangu kuzaliwa, huvushwa kwa feri ya Likoni, huonyeshwa mizinga ya Ngome ya Yesu, hupelekwa Bamburi kuwatazama viboko na twiga, kisha jioni huteremshwa ufuoni wachezee maji kidogo kabla ya kurejea kwao. Sina neno na safari hizo. Mtoto wa Nyeri au wa Kakamega na aijue bahari, na mtoto wa Mombasa naye aujue Mlima Kenya. Mzazi auzaye kuku wake ili mwanawe apate nauli astahili heko. Neno langu ni juu ya jina ambalo safari hizi zimepewa siku hizi. Zaitwa somo la mazingira. Nami nauliza, ni nani aliyesomesha, na ni kipi kilichosomwa?

Si siku nyingi nilikuwa nimeketi chini ya mvinje, ufuoni kaskazini mwa Mombasa, likaja basi la shule moja ya mbali ambayo sina haja ya kuitaja. Watoto wapatao arubaini walishuka, sare zimepigwa pasi, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Nilimwomba mmoja aniazime yake niisome. Iliwataka wataje viumbe watano waishio katika vidimbwi vya mwambani, waeleze kila mmoja hujikinga vipi na jua maji yanapotoka, kisha wamchore mmoja kati yao. Maswali mazuri hayo, mimi sikuyaona na dosari. Lakini ilikuwa saa nne asubuhi, na mwezi ulikuwa wa siku nane. Maji yalikuwa yamejaa, si sana, ila ya kutosha kuufunika mwamba wote. Ule mwamba waliotakiwa kuusoma ulikuwa chini ya bahari, na ungefunuka saa kumi alasiri, tena nusunusu, wakati basi liko njiani kuelekea Voi. Mwalimu, kijana mwenye heshima zake, aliwakalisha mchangani akawasomea majibu: kaa, konokono, pweza, kiti cha pweza, jongoo la pwani. Wakaandika. Wakala mikate yao, wakapiga picha, wakaondoka.

Majibu hayo wangaliweza kuyaandika darasani kwao, na nauli ikanunua vitabu.

Simlaumu mwalimu yule. Tarehe alipewa, nayo ilipangwa kwa kalenda ya ukutani kama zipangwavyo tarehe za mitihani na za mikutano ya wazazi, wala hapana aliyemwambia kwamba bahari haiijui kalenda hiyo. Bahari yafuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mwezi na jua huivuta bahari kwa mstari mmoja, na hapo huja bamvua: maji hujaa mno na hupwa mno, na tofauti baina ya kujaa na kupwa kwetu hapa hufika mita 3 na zaidi. Mwezi unapokuwa nusu, mvuto wa jua huupinga ule wa mwezi, nayo maji huwa mafu. Hayajai sana wala hayatoki sana. Tena kila siku maji huchelewa yapata dakika 50 kuliko jana yake. Kwa hiyo hapa Mombasa siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na pwani hukauka kama saa nne asubuhi. Wiki moja baadaye mambo hugeuka juu chini, na saa nne ile ile ndiyo ya maji kujaa.

Mtu angeketi kupanga saa nzuri ya kumshusha mwanafunzi mwambani, angechagua saa gani kuliko saa nne asubuhi? Jua halijawa kali, watoto wamekwisha kunywa chai, na kuna saa mbili za kutembea kabla maji hayajarudi. Mwenyezi Mungu ametupangia ratiba hiyo mara mbili kila mwezi. Sisi twaenda siku nyingine.

Tuliosomeshwa chuoni tuliijua tarehe ya mwezi kabla hatujaijua ya Januari. Kurani yenyewe yautaja mwezi mwandamo kuwa ni kipimo cha nyakati za watu, na maalimu wetu alihesabu siku kwa mwezi. Mtoto aliyejua leo ni mwezi ngapi alijua pia kama baada ya alasiri pana kuogelea au pana kuokota chaza. Elimu hizo mbili zilikuwa zikikaa kwenye ubao mmoja. Siku hizi zimetengwa. Mwezi umebakia kuwa wa saumu na Idi tu, na kujaa na kupwa kumetiwa katika kitabu cha sayansi, ukurasa wenye picha ya dunia na mishale. Mtoto azijua zote mbili wala hajui kwamba ni kitu kimoja.

Mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi, aliponisikia nikilalama hivi, aliniomba nimtungie ubeti wa kuwakumbusha wenziwe. Nikamtungia huu, na kila autakaye na auchukue:

Mwezi mpya na mpevu, bamvua huja halisi,
Saa nne huwa kavu, asubuhi bila wasi,
Mwalimu uwe mwerevu, watoto shusha upesi,
Adhuhuri huja povu, maji hurudi kwa kasi.

Sasa nije kwenye majina, maana hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Mwulize mwanafunzi wa gredi ya nane, mzaliwa wa mji huu wa Mombasa, ule mti uotao matopeni pale Tudor waitwaje. Atakutajia jina la Kiingereza. Ukimbana atasema mkoko. Kwake yeye miti yote iliyosimama ndani ya maji ya chumvi ni mikoko, kama vile mgeni aonavyo samaki wote ni samaki. Pwani ya Kenya ina aina 9 za miti hiyo, na kila moja ina jina lake la Kiswahili, wala majina hayo hayakutungwa na kamati.

Mlilana husimama mbele kabisa, umeikabili bahari, na mizizi yake ya kupumulia huchomoza juu ya tope kama vigingi. Wavuvi huikata wakafanya maboya ya nyavu. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama magoti, chaza wameigandamia, na mbegu zake huanza kuota zingali juu ya mti mama. Kisha muia na mkandaa, huu wa pili ambao maganda yake yalitia rangi ngozi na nyavu za babu zetu. Mchu ni mti wa ajabu. Waweza kuuona mbele na waweza kuuona nyuma kabisa karibu na nchi kavu, kwani wastahamili chumvi kuliko wenziwe, na ukilamba jani lake utaionja chumvi ulioitoa mwilini. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo, na ndani mbegu zimepangika kiasi kwamba ukishazitoa huwezi kuzirudisha. Mchezo huo ulitushinda sote utotoni. Msikundazi huota kule nyuma ambako maji matamu huchanganyika na ya chumvi, nao ndio uliotoa milingoti ya vyombo.

Mtoto anayeyajua majina haya, akiuona mti tu atakwambia maji hufika wapi, tope ni laini au gumu, mto u karibu au u mbali. Asiyeyajua huona majani mabichi. Na hayo ni ya miti ikiwa hai. Ikishakatwa ina majina mengine, kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba yalikuwa yakirejea na kusi yamesheheni boriti za Lamu, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Hapo pana somo la historia, la hesabu na la biashara kabla hata mwanafunzi hajavua viatu. Mikoko yote ya Kenya yapata hekta 60,000, na zaidi ya nusu iko Lamu. Kwa nini ni Lamu? Na ni wapi ilikonyolewa, na nani? Mwalimu akiuliza hivyo hatahitaji karatasi ya maswali.

Kutojua majina kuna hasara yake, nayo yaonekana kwa macho. Serikali ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2022 kwamba nchi hii itapanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikafanywa siku ya mapumziko ili watu wote wakapande. Nia njema kabisa. Huku kwetu shule hutolewa kwenda kupanda mikoko. Mbegu za mkoko ndizo rahisi: ni ndefu, zaokoteka, na hata mtoto wa miaka sita aweza kuzichomeka topeni. Basi hupandwa mkoko kila mahali. Hupandwa pahali pa mlilana, hupandwa pahali pa mchu, hupandwa hata juu ya nyasi za bahari ambako tangu dunia iumbwe hapajapata kusimama mti. Bendera hutundikwa, hotuba husomwa, watoto hupewa soda. Kisha huja bamvua.

Nilikwenda mahali pamoja kama hapo miezi mitatu baada ya sherehe. Miche iliyokuwa hai niliihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Lililonisikitisha zaidi ya miche yenyewe ni kwamba wale watoto walioipanda hawakurudishwa kuiona. Wao hadi leo waamini wana msitu wao pale. Lau wangalirudishwa, wakasimama mbele ya ile mitupu wakaulizana kwa nini, wangalijifunza mambo ya mazingira kuliko walivyojifunza kwenye hotuba zote. Mvuvi yeyote aliyepita siku ile na mtumbwi wake angaliweza kuwaambia mapema kwamba hapo hapaoti. Hakuna aliyemwuliza, naye si desturi ya mvuvi kuingilia mkutano wenye viti vya wakubwa.

Na hili ndilo nilitakalo kusema hasa. Elimu ya nje ya darasa imekosa walimu wake wenyewe. Mwanamke wa Gazi au wa Vanga ambaye miaka thelathini amekuwa akishuka mwambani kuchokoa pweza kwa chuma, ajua tundu lipi lina mwenyewe na lipi limehamwa. Ajua pweza jike akishataga hukaa na mayai yake asile mpaka afe. Ajua mwaka gani mwamba ulianza kupauka. Lakini hana cheti, kwa hiyo akija shuleni huwa amekuja kuuliza habari ya karo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, wahimiza sana wazazi washiriki katika masomo ya watoto wao. Wazazi wameshiriki: wameagizwa maboksi, gundi, rangi na makaratasi ya manila, wakanunua. Sijasikia bado mzazi aliyeagizwa alete anachokijua.

Nataka mama huyo aitwe, na alipwe. Akishinda na wanafunzi pwani siku ya bamvua amepoteza siku yake bora ya kuvua. Alipwe thamani ya pweza ambao angaliwapata, na ziada. Shule zampa mwenye basi maelfu ya shilingi bila kunung'unika. Tena asomeshe kwa lugha yake. Nimekwisha kumsikia mtoto wa mvuvi akielezwa kwa Kiingereza kitupu habari za bahari ambayo baba yake alikuwa ndani yake saa ile ile, na yule aliyekuwa akimweleza hajui kuogelea.

Isidhaniwe kwamba hakuna panapofanywa vizuri. Hapo Gazi penyewe, wilaya ya Kwale ya zamani, kaunti ya leo, wanavijiji waungojea msitu wao wa mikoko kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 huuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na hekta 117, na fedha zake zimetia maji vijijini na vitabu mashuleni. Kina mama wa hapo wamejenga daraja la mbao katikati ya mikoko, na mgeni hupitishwa kwa ada. Hori ya Mida, karibu na Watamu, nayo ina daraja lake la kuning'inia, na ada za wageni huingia katika mfuko ulioanzishwa mwaka 2001 wa kuwalipia karo watoto wa sekondari wakaao kando ya hori hiyo na kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mtoto aliyelipiwa karo na msitu hahitaji kuhubiriwa sana juu ya msitu. Vile vyama vya wanyamapori vya wanafunzi, ambavyo Kenya ilitangulia barani Afrika kuviunda mwaka 1968, vimewatoa madarasani watoto wa vizazi viwili vitatu. Na katika Kaya Kinondo, moja ya zile kaya za Wamijikenda, mgeni hufungwa kaniki kwanza kabla ya kutia mguu msituni, awe mwanafunzi au waziri, na wazee wenyewe ndio waongozao. Huo ndio mpango niupendao. Mwenye mahali ndiye mwalimu, na mgeni huingia kwa adabu ya mahali.

Hata pale Bamburi, ambapo nimesema watoto hutazama viboko, pana somo kubwa ambalo hupitwa kwa miguu. Bustani ile ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa jeupe lisilo na kitu, mpaka René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Miti iliyokubali ni mivinje, lakini majani yake yalirundikana chini yasioze. Aliyeutengeneza udongo ni jongoo. Waliletwa majongoo, wakala majani makavu, na mavi yao yakawa rutuba ambayo miti mingine iliota ndani yake. Sasa mtoto hupelekwa pale akasimama juu ya kazi ya jongoo, akamtazama twiga.

Najua yatakayosemwa. Kuna mitihani, kuna hatari ya maji, kuna gharama. La mitihani sina subira nalo; aliyejua kupwa na kujaa kwa miguu yake hatashindwa kujibu swali lake. La hatari ni la kweli, na mzazi akiliogopa ana haki. Dawa yake ni huyo huyo mvuvi aijuaye saa ya maji kurudi, na kuwahesabu watoto wanaposhuka na wanapopanda, na kutoshuka kabisa siku za kusi kali.

La gharama ndilo zito, na halimgusi mtoto wa bara peke yake. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na ndani yake hapavuliwi. Wako watoto hapo vijijini ambao babu zao walivua katika maji yale, baba zao wakizuiwa wasivue, na wao wenyewe hawajapata kuyaona yale matumbawe kwa sababu hapakuwa na ada wala mashua. Watalii huyaona kila siku. Mtoto kama huyo huambiwa shuleni kwamba bahari ile ni urithi wake, naye husikiliza kwa upole, akaenda zake. Serikali ya kaunti, na hiyo idara ya wanyamapori, na wenye mahoteli ambao wateja wao huja kwa ajili ya matumbawe hayo, hawashindwi kuwatolea mashua watoto wa shule za jirani siku moja katika kila bamvua ya kaskazi, wakati bahari imetulia na maji yang'ara mpaka chini. Hilo lianze kabla ya kumleta mtoto wa Kakamega.

Na wapangao tarehe za mihula wanisaidie jambo moja dogo lisilo na gharama. Katika ile kalenda ya shule za pwani, pembeni mwa kila tarehe, waandike mwezi ngapi. Tarakimu moja au mbili, basi.

Mwalimu yule aliyeniomba ubeti alilishusha darasa lake mwambani mwezi pili, saa nne kasorobo, pamoja na kijana mmoja mvuvi wa jirani. Amenieleza kwamba swali la kwanza aliloulizwa, yeye wala mvuvi wake hawakuwa na jawabu lake. Mtoto mmoja alikiinua kiti cha pweza, akakigeuza huku na huku, akataka kujua kwa nini kimeitwa kiti na hajamwona pweza amekikalia. Sasa mwalimu anamtafuta mama wa kuchokoa pweza amwulize, nami nimemwambia asiache kuniletea jibu, kwani sijui.